Ati Ni Mvuke Tu

Hongereni. Naanza na hongera kwa sababu naambiwa vijana wa siku hizi hamtaki kuambiwa ukweli kabla ya kusifiwa kidogo. Hongereni kwa kuvuta kitu msichokijua, kilichotengenezwa na mtu msiyemjua, mkauziwa na mtu ambaye mwanawe mwenyewe hamruhusu kukigusa. Sisi tuliowatangulia tulikuwa washamba sana. Aliyevuta sigara alijua ni sigara. Nyinyi mmeendelea. Mnavuta ndizi, mnavuta stroberi, na mnavuta kitu kinachoitwa barafu ya buluu, ambacho mpaka leo hakuna aliyenieleza kinamea wapi.

Jina langu ni Ndunge, lakini Garissa nzima hunijua kwa jina la Sista, kama manesi wote. Nilizaliwa Kitui, nikaletwa huku na barua ya serikali nikiwa msichana, na siku ya kuondoka mama yangu alilia kana kwamba nimefungwa maisha. Nilifanya kazi Griftu, nikahamishiwa Masalani, kisha nikamalizia miaka yangu hapa Garissa katika chumba cha wagonjwa cha shule moja ya bweni ya wavulana. Nimestaafu juzi tu. Watu wa kwetu huniuliza nitarudi lini, nami huwaambia nitarudi jua la huku likipungua, kwa hiyo wameacha kuuliza.

Leo nataka kuwaambia habari za Abdirizak, kijana aliyekuwa na pumzi ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine, na jinsi alivyoichezea, na jinsi mimi, na vyeti vyangu vyote, nilivyomsaidia kuichezea. Nitapotea njiani kidogo. Vumilieni, kwa maana mimi niliwavumilia nyinyi miaka na miaka mkija na vidonda vya uongo siku ya mtihani wa hesabu.

Kwanza ujinga wangu, ili nikifika kwa wenu tuwe tumelingana.

Chumba changu cha wagonjwa kilikuwa na friji ya dawa, kwa hiyo kilikuwa na umeme wakati wote, na wavulana waliruhusiwa kuniletea taa zao za kusomea nizichaji. Siku moja mmoja wa kidato cha pili akaniletea kitu kizuri, kifupi kama kidole, rangi ya peremende, chenye tundu la waya chini. Nikamuuliza ni nini. Akanijibu, macho makavu kabisa, "Sista, ni kalamu ya kuwekea alama kitabuni. Ni ya kisasa, ina taa ndani."

Nami nikawaza, kama siku hizi hata miswaki inachajiwa, kalamu ina makosa gani? Nikachomeka. Baada ya wiki mbili nilikuwa na kalamu saba. Ili zisichanganyike, nilikata plasta ya vidonda, nikaandika majina ya wenyewe, nikazibandika moja moja. Kuna mvulana nilimkaripia kwa kutaka kuchukua ya mwenzake. Nikamwambia, "Mali ya mtu iheshimiwe." Ukutani, juu kabisa ya ile soketi, palikuwa na bango lenye maneno makubwa: TUMBAKU NI SUMU. Nilikuwa nimelibandika mwenyewe, tena nilipanda juu ya kiti.

Chekeni, ndiyo. Malizeni kucheka tuendelee.

Siku moja naibu mwalimu mkuu aliingia kutafuta dawa ya kichwa. Akaziona zile saba zimepangwa kama watoto wachanga wodini. Akashika kiuno. "Sista! Hizi vepu zote umezinasa wewe? Na majina umeandika!" Mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Nilikuwa ndiyo kwanza nasikia jina hilo la sigara za umeme. Asubuhi yake akanisifu mbele ya shule nzima, ati muuguzi wetu ni mpelelezi kuliko polisi, na wenye majina wakaitwa mbele mmoja mmoja. Walinitazama, woi, sitasahau. Walidhani nimewatega.

Mnajua kilichofuata? Muhula mzima hakuna aliyekanyaga kwangu. Mtu aliona afadhali atetemeke na malaria bwenini kuliko kuja kwa Sista. Kama umewahi kufanya kazi na vijana utajua kwamba hiyo ndiyo hasara yenyewe. Mtoto asiyekuja kwako humwezi, hata uwe na dawa za dunia nzima.

Na ajabu ni kwamba nilikuwa nimeshafundishwa jambo hilo zamani, Griftu, na mtu aliyekuwa na subira kuliko mimi. Nilipofika kule nilikuwa na picha ya mapafu ya mvutaji, meusi, ya kutisha, niliyopewa chuoni. Nikaenda nayo kwenye boma la mzee mmoja mfugaji aliyekuwa akikohoa. Sijamsalimu sawasawa nimeshamnyooshea picha. Mzee akaishika, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyu mbuzi alikuwa mgonjwa," akasema. "Nyama yake msile."

Niliyekuwa nimefuatana naye ni Mzee Dekow, mhudumu wa afya wa pale, mtu wa kule kule. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu njiani akaniambia maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha uuguzi. "Walaal, ndugu yangu, hapa mtu haulizwi shida kabla hajaulizwa habari. Sema *warran*, lete habari. Akwambie mvua, akwambie malisho, akwambie nani kaoa. Nawe mwambie za kwako. Kunywa chai. Ile shida itakuja yenyewe, itakaa katikati yenu bila kuitwa."

Nikaandika katika daftari langu. Nikafanya hivyo Griftu, nikafanya Masalani, na ilifanya kazi. Kisha nikaja mjini, nikapata ofisi na friji, nikajiona nimehitimu.

Sasa Abdirizak.

Alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mwembamba, mkimya. Lakini siku ya Ijumaa akisoma Qur'ani katika msikiti wa shule, sisi Wakristo tuliokuwa staffrumu tulikuwa tunaweka vikombe chini. Mimi si mjuzi wa mambo hayo, nilielezwa na Maalim, mwalimu wao wa dini. Msomaji hakati neno katikati. Kuna mahali pa kupumzika na kuna mahali pasipo ruhusa, na zipo aya ndefu ambazo wengi huzivunja vipande viwili, vitatu, wakitafuta hewa. Abdirizak alikuwa anazishika toka mwanzo mpaka mwisho, polepole, bila haraka, halafu ananyamaza, nasi ndipo tunapovuta pumzi kwa niaba yake. Alikuwa ameteuliwa kuisomea shule Qur'ani katika mashindano ya Ramadhani. Baba yake, dalali katika soko la mifugo, alikuwa amemtangazia kila mnunuzi, nadhani mpaka mbuzi walijua.

Mwezi wa kumi alinijia na kikohozi. Kilikuwa kikavu, na kila akipanda ngazi za bweni kifua kinambana. Nikamsikiliza kwa mashine. Alipoinama kufunga kiatu, kitu kikaanguka kutoka mfukoni, rangi ya peremende. Safari hii sikuhitaji kuelezwa kwamba ni kalamu.

"Hii nini?"

"Sista, hiyo haina noma. Ni mvuke tu. Ni maji na flava."

"Nani kakwambia?"

"Mwenye duka. Amesema haina nikotini, wallahi."

"Aa, mwenye duka. Yule anayeuza mitandio na chaja za simu. Daktari bingwa huyo."

Akainamisha kichwa. Baadaye sana aliniambia alianza likizo ya mwezi wa nne kwa binamu yake, na kwamba nyumbani hakuna aliyegundua. Na wangegunduaje? Mama yake anafukiza uunsi, ule ubani wao, jioni, anafukiza mapazia, anafukiza shela, anafukiza kanzu za watoto. Nyumba ya Kisomali inanukia vizuri tangu mlangoni. Moshi mmoja zaidi wenye harufu ya tikiti, nani atauhesabu? Mama alikuwa anamkumbatia na kumsifu kwa unadhifu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakujua kitakuwa kinanukia hivyo.

Hapo ndipo ningesema *warran*. Ningemkalisha, nimpe kazi ya mikono, nimuulize habari. Badala yake nilipandwa na hasira. Nilikuwa bado nauguza aibu yangu ya zile saba, na sasa mtoto mwenye pumzi ile anaitia moshi! Nikapiga simu kwa baba yake mbele ya naibu mwalimu mkuu, na mlango ukiwa wazi.

Mzee alikuja mbio akiwa na fimbo yake ya sokoni na vumbi la mbuzi miguuni. "Sista, sema haraka. Mtoto yangu amekufa?"

"Hajafa, Mzee. Anavuta vepu."

"Febu ni nini?"

Nikamwekea mkononi. Akaigeuza kama yule mzee wa Griftu alivyogeuza picha. Nikamweleza. Walimu wawili walikuwa mlangoni wakijifanya wanatafuta chaki. Uso wa yule mzee ulikauka. Kwa watu wa hapa, aibu ya mtoto si ya mtoto peke yake. Ni ya baba, ya ami, ya ukoo, na kabla ya alasiri itakuwa imefika sokoni. Hakumpiga kijana wala hakumtazama. Aliniambia tu, "Shule ikifungwa, nabeleka yeye kwa adeer yake, Griftu. Ngamia hana febu. Ngamia itanyoosha yeye."

Naibu akasema ni uamuzi wa busara. Nami nikaitikia kwa kichwa. Eti likizo ya miezi miwili kwa ami yake, hewa safi, maziwa ya ngamia, hakuna duka, hakuna umeme wa kuchaji. Nani angekataa? Nilijiona nimeokoa roho ya mtu.

Mwezi wa kwanza shule ikafunguliwa. Abdirizak akarudi mweusi kwa jua, mifupa mitupu, kimya zaidi. Nikamfurahia. Nikamwambia afungue kinywa nitazame koo. Ndani ya mdomo wa chini, kwenye ufizi, palikuwa na kidonge cha tumbaku.

Enyi watoto, sikilizeni hapa kama hamtasikiliza kwingine. Wachunga ngamia wana tumbaku yao ya kutia mdomoni. Wanaibeba kama wanavyobeba kibuyu cha maziwa. Kijana alipofika kule, siku ya pili kichwa kinauma, siku ya tatu anagombana na kila mtu, hapati usingizi, hataki chakula. Ami yake akadhani ni uvivu wa mjini. Mchungaji mwenzake akamwonea huruma, akampa kidogo aweke mdomoni. Na kichwa kikapoa papo hapo. Yeye mwenyewe alishangaa. Ati maji na flava, lakini mwili ulitambua tumbaku kama mtu anavyomtambua ndugu yake. Basi, ile iliyokuwa "haina nikotini" ilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Mwenye duka alidanganya, au naye alidanganywa, sijui, na hilo halimsaidii Abdirizak. Tulimwondolea kidude tukamwachia njaa yake, kisha tukampeleka mahali penye chakula chake.

Nilikaa juu ya kitanda cha wagonjwa nikajisikia mjinga kuliko siku ya kalamu. Ile ilikuwa ya kuchekesha. Hii haikuwa.

Nikafunga mlango. Nikachukua kapu la bendeji zilizofuliwa, nikampa nusu, nikachukua nusu, tukaanza kuzikunja. Hii ndiyo siri yangu ya kazi na nawapa bure: kijana wa kiume hawezi kusema na macho yako huku akiwa mikono mitupu. Mpe kitu cha kukunja, kaa ubavuni mwake, tazameni wote mbele. Nikamwambia, "Warran, Abdirizak."

Akacheka kidogo, maana Kisomali changu kina lafudhi ya Kikamba. Akaniambia habari za mvua ya Griftu. Akaniambia ngamia mmoja alizaa mikononi mwake. Nikamwambia za Kitui, za dada yangu aliyenunua ng'ombe akaugua siku ile ile. Bendeji zikaisha, nikazifungua kwa siri tukaanza upya. Ilipofika mara ya pili akasema, bila kuulizwa, "Sista, pumzi yangu haifiki."

"Haifiki wapi?"

"Mwisho wa aya. Nikikaribia mwisho, inakatika. Nimejaribu peke yangu nyuma ya darasa. Aabo hajui. Amealika watu mpaka kutoka Wajir."

Hapo ndipo nilipoijua hofu yake. Wala haikuwa hofu ya kifo; ile picha yangu ya mapafu meusi ingepita mbele yake kama upepo. Alikuwa anaogopa kusimama mbele ya huyo aabo, baba yake, na kukatikiwa na pumzi.

Tuliamua aache yote, vepu na tumbaku. Akajaribu mara mbili akashindwa mara mbili. Kila aliposhindwa alikaa siku tatu bila kuja, nami nilijizuia nisimfuate bwenini kama kichaa. Akirudi simuulizi "kwa nini". Namuuliza ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, alikuwa amekula nini. Mtu akijua saa yake ya udhaifu anaweza kupanga awe mahali pengine saa hiyo. Yake ilikuwa baada ya chakula cha jioni, na yule binamu yake, ambaye mwaka huo alikuwa amehamia shule yetu, ndiye aliyekuwa duka lenyewe.

Ramadhani ikaingia. Nanyi, mabingwa wa hoja, mkaleta hoja. Wavulana wa kidato cha nne walimwomba Maalim anialike darasani tuzungumzie afya, na mimi nikajua kuna mtego. Nimesimama tu, mmoja akainua mkono. "Sista, vepu inavunja saumu?"

"Mimi ni Mkristo, baba. Muulize Maalim, yuko hapo."

"Maalim, si ni hewa tu? Hewa haivunji saumu."

Maalim ni mtu mpole, anaongea kama anayehesabu tasbihi. Akavua miwani. "Hewa hii, unainunua?"

"Ndiyo, Maalim."

"Hii iliyomo darasani, unainunua?"

Kicheko kikatoka nyuma.

"Basi si hewa. Ni kitu, umekinunua kwa hiari, unakitia ndani kwa hiari. Saumu imekwenda. Kaa."

Mimi kwa miaka sikuwahi kushinda hoja upesi hivyo. Nikaongeza la kwangu tu, nikawaambia ule si mvuke wa sufuria ya chai. Ni majimaji na madawa yaliyochemshwa na kipande cha chuma, na yanatua kifuani. Nikotini yake huushika ubongo unaokua upesi kuliko wa mtu mzima, na ndiyo sababu sheria inakataza kumuuzia mtoto. Maandishi ya kwenye pakiti si kiapo. Na yale maji yake mtoto mdogo akiyanywa nyumbani ni mbio za hospitali. Nikakaa. Dakika tatu. Zamani ningewapa saa nzima na picha, na nyinyi mngehesabu mbao za dari.

Siku ya nne ya mfungo, baada ya swala ya alasiri, Abdirizak alikuja mikono ikitetemeka, jasho usoni, amegombana na rafiki yake kwa sababu ya ndoo.

"Ni njaa, Sista."

"Ulianza kufunga ukiwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Mikono ilitetemeka?"

Akaificha mifukoni.

"Ukiwa na miaka kumi, je? Ulipigana kwa sababu ya ndoo?"

"Hapana."

"Basi njaa ni ile ile, Abdirizak. Wewe ndiye umepata bwana mwingine."

Aliitoa mikono akaitazama. Nadhani siku hiyo aliamini, na si mimi niliyemwaminisha, ni saumu. Nikamwambia, mchana tayari unashinda, alfajiri mpaka magharibi hujagusa kitu. Zimebaki saa chache baada ya futari. Tukazipanga saa hizo: afuturu kwa Maalim, mbali na binamu. Kiu ya moshi ikija asubiri kidogo huku akinywa maji na kutembea, kwa maana hupanda na kushuka, haikai. Akikasirika aseme "nimekasirika" badala ya kurusha ndoo. Na awe na mtu mmoja anayejua. Mficha uchi hazai. Alichagua wawili, mimi na Maalim. Siku kumi na tano hakugusa. Alikonda, alilia mara moja, alimtukana binamu yake mara nyingi, nami sikumkataza hilo la mwisho.

Mashindano yakafika, mchana wa siku ya ishirini ya mfungo, katika ukumbi mmoja mjini. Nilikaa upande wa akina mama, nimejifunga mtandio wangu wa Kitui wenye maua makubwa mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nimekuja harusini. Baba yake alikuwa mbele, kanzu nyeupe, wageni wa Wajir kila upande.

Abdirizak akaanza. Sauti ilikuwa ile ile. Nikafumba macho, nikasema moyoni, tumefika. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaingia katika ile ndefu. Nikaisikia pumzi ikipungua kabla yeye hajaonyesha. Mtu aliyesikiliza vifua maisha yake yote hajui kutosikia. Neno likakatika katikati. Akarudi nyuma, akalianza tena kama wanavyoruhusiwa. Likakatika tena, pale pale. Akakohoa. Akaimalizia kwa vipande, vitatu au vinne, akainamisha kichwa, akashuka.

Hakupata nafasi yoyote. Na ili msije mkasema Sista anatia chumvi, siwezi kuapa kwamba ni vepu peke yake. Palikuwa na hofu, palikuwa na vumbi, alikuwa na siku ishirini za mfungo. Lakini wenzake nao walikuwa na hofu, vumbi na mfungo.

Nilimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta, amekaa juu ya viatu vyake. Baba yake alikuwa amefika kabla yangu. Nilidhani nitasikia fimbo. Mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya mwanawe, kanzu yake nyeupe ikiburura vumbini. Nilikuwa na maneno mengi kinywani, na moja lilikuwa "nilikuambia". Nashukuru nililimeza.

Abdirizak hakututazama. Alisema kwa Kisomali, akitazama chini, kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

"Aabo, ile aya niliisoma kwa pumzi moja nikiwa na miaka tisa."

Baba yake akasema, "Najua. Mimi ndiye nilikuwa nakushika mkono."